Alumini ya moto: rola, presi, au rola yenye dai mdomoni?

Vijana watatu wa Mwanjelwa walinijia karakana asubuhi moja ya mwezi wa sita, ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kazi yao ni kuyeyusha alumini ya skrepa na kumimina sufuria, na biashara hiyo imeanza kuwachosha kwa sababu kila mtaa sasa una mtu mwenye kitanuru na kalibu la mchanga. Wanataka kutengeneza fito, hasa za kuchomelea. Hoja yao naielewa: malori ya Tunduma hayaishi kupasuka redieta na matenki. Shida ni kwamba kila mmoja alikuja na mashine yake kichwani. Wa kwanza alitaka rola, wa pili presi ya haidroliki. Wa tatu, mdogo wao, alikuwa ameona kwenye simu mashine inayofanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. "Fundi," akaniuliza, "si tununue hii tu tumalize?"

Siku ile sikumjibu, nilimwambia anywe chai. Jibu lake ni refu, na kwa kuwa swali hilohilo nimeulizwa na watu wa Iringa na Makambako pia, nimeona niliandike.

Tujue kwanza kila moja inafanya nini

Rola haina siri kwa mtu anayejua kusukuma chapati. Mche wa alumini wenye moto unapita kati ya rola mbili, unatoka mwembamba na mrefu zaidi. Kwa fito, rola huchongwa mifereji: mche unapita mfereji mpana, kisha mdogo, kisha mdogo zaidi. Kiwandani jozi za rola hupangwa mstari mmoja nyuma ya nyingine. Mwitaliano Ilario Properzi ndiye aliyebuni mtambo unaomimina alumini na kuibana papo hapo bila kukatiza, na ufito wa milimita 9.5 unaotoka humo ndio viwanda vingi vya nyaya huanzia.

Presi ni mashine ya tambi za dengu iliyokua. Gogo la alumini lenye moto linawekwa kwenye silinda nene ya chuma, pistoni inalisukuma kutoka nyuma, na mbele linatokea kwenye tundu la dai, yaani kipande cha chuma kigumu kilichotobolewa umbo unalolitaka, likiwa na umbo la tundu lenyewe. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya wazo hili mwaka 1797, akilenga mabomba ya risasi, na mwaka 1894 Alexander Dick akalipeleka kwenye shaba nyeupe ya moto. Fremu za madirisha ya alumini unazoziona mjini zote zimepita kwenye tundu la namna hiyo.

Ya tatu ni rola yenye dai. Kuielewa, nenda Kabwe, hapa Mbeya, ukasimame kwa muuza juisi ya miwa. Muwa unagusa rola na kuvutwa wenyewe, hakuna anayeusukuma. Sasa fikiri umeziba upande wa kutokea kwa bamba la chuma lenye tundu moja dogo. Muwa utaendelea kuvutwa, utajazana nyuma ya bamba, na hautakuwa na njia isipokuwa ile ya tunduni. Ndiyo mashine yenyewe. Rola moja ina mfereji, nyingine ina mgongo unaoingia kwenye mfereji huo, ili pasiwe na upenyo wa pembeni, na dai inagandamizwa mdomoni pa rola kwa jeki ya haidroliki. Betzalel Avitzur wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, aliandika juu ya wazo hili miaka ya 1970. Walioling'ang'ania zaidi ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Siberia, mjini Krasnoyarsk, Urusi, mji wenye kiwanda kikubwa cha kuyeyusha alumini. Ina binamu yake anayeitwa Conform, aliyezaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, mwenye gurudumu moja tu lenye mfereji. Huyo namwacha pembeni, kwa kuwa kwa kawaida anataka umlishe ufito uliokwisha tengenezwa.

Nitazipima kwa mambo matano: unataka kutoa bidhaa gani, joto na nguvu, malighafi, kinachopotea njiani, kisha dai na matunzo. Bei sikuiweka. Bei ya mashine ya mtumba ni sura ya mnunuzi siku hiyo.

Bidhaa

Kitu bapa ni cha rola. Bati, bamba la kukata duara za sufuria, ukanda: presi haiwezi kukupa bamba pana kwa bei ya maana, na mashine ya tatu haiwezi kabisa, maana upana wake ni upana wa mfereji wake. Rola hutoa fito pia, ila za umbo rahisi, la duara au mraba.

Umbo lenye kona, mikono na matundu ndani ni la presi, na hapo haina mpinzani. Profaili ya dirisha yenye njia ya kioo, njia ya mpira na uwazi katikati inatoka kwa pigo moja. Ikitoka hupozwa haraka, huvutwa kidogo ili inyooke, kisha huokwa kwenye joto la nyuzi 175 hadi 200 kwa saa kadhaa ili ikomae. Mafundi wengi wa madirisha hawajui kwamba ugumu wa profaili unatoka kwenye kuokwa huko. Ndiyo maana ukiipasha moto kwa gesi ili uikunje, inabaki laini kama bati la debe.

Rola yenye dai ni ya vitu vyembamba na virefu: fito za milimita 5 mpaka 10 na zaidi kidogo, waya wa kuanzia, vijiti vya kuchomelea, fito za ribiti. Kule Krasnoyarsk wameitumia kwa aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, zenye zirkoni, ambazo nyaya zake huvumilia joto la nyuzi 150 mfululizo wakati alumini ya kawaida ya nyaya inaanza kulegea chini ya nyuzi 100. Ukiisikia laini ya msongo wa kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga ikitajwa, usianze kuota kwamba karakana yako itauza nyaya huko. Hata waya wa nyumbani una viwango vya TBS, shirika la viwango la Tanzania, na waya wa skrepa ukutani ni moto unaosubiri zamu.

Joto na nguvu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo hesabu inapomwumbua mtu.

Chukua mche wa mraba wa milimita 14 kwa 14. Eneo la uso wake ni milimita za mraba 196. Unataka ufito wa milimita 5, ambao eneo lake ni kama 20. Kwa hiyo lazima uupunguze mara kumi, na mche wa mita moja, wenye uzito wa gramu kama 530, utakupa mita kumi za ufito.

Kwa rola peke yake, ukipunguza asilimia 20 kila unapopitisha, utapitisha mara 11. Alumini hupoa upesi, na kitu chembamba hupoa upesi zaidi. Ukiwa na jozi moja ya rola na msaidizi anayekimbia na koleo kuurudisha mche upande wa pili, ikifika mara ya nne umeshapoa, unaurudisha tanuruni. Hapa Mbeya, Uyole asubuhi, na upepo ule, weka mara ya tatu. Kiwanda kinalikwepa hili kwa kupanga jozi kumi na kitu mfululizo, kila moja ikizunguka haraka kuliko iliyotangulia kwa kiwango kilichopimwa, la sivyo ufito unajikunja katikati au unakatika.

Kwa presi, tatizo ni nguvu. Gogo la kipenyo cha milimita 100 lina eneo la kama 7,850. Kulipitisha lote kwenye tundu moja la milimita 5 ni kulipunguza mara 400, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili anajaribu. Unachonga dai yenye matundu kumi, unabaki na mara 40, na hapo unazungumzia presi ya mamia ya tani. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kwanza, inaliwa na gogo kujisugua kwenye ukuta wa silinda. Jeki ya tani 50 ya gereji itakusaidia kutoa beringi, basi.

Rola yenye dai inaugeuza msuguano huohuo kuwa punda wa kubeba mzigo. Rola zinauvuta mche kwa kuusugua, zinaubana, na mche wenyewe unajisukuma kwenye dai. Ile mara kumi inakamilika kwa pito moja, kwenye mashine yenye rola za kipenyo cha milimita 200 hivi inayoenea kwenye chumba. Lakini usidhani inakwenda kwa umeme wa taa. Inataka mota yenye giaboksi nzito inayozunguka polepole kwa nguvu nyingi, yaani umeme wa njia tatu, na rola zenyewe lazima zipashwe moto kabla, kama nyuzi 100. Rola baridi zinaunyonya moto wa mche kabla haujafika kwenye dai, na mche ukishapoa mle ndani umeziba mdomo, na kazi ya siku hiyo ni tindo.

Jambo moja ni la mashine zote tatu: alumini haikuambii ikiwa tayari. Chuma kikipata moto kinaona haya, kinakuwa chekundu. Alumini inabaki rangi ileile ya fedha mpaka dakika inayomwagika. Wazee wa karakana hupaka alama ya sabuni ya mche juu ya alumini. Alama ikigeuka nyeusi, metali imeshalainika. Hiyo ni kwenye nyuzi kati ya 350 na 400, inatosha kukunja bamba. Kazi yetu hii inataka 450 hadi 500 na ushee, na sabuni ikishaungua haina tena cha kukuambia. Nunua kipima joto cha waya. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini yenye silikoni nyingi huanza kutoka jasho kwenye 577, na msuguano wa ndani ya dai unaongeza joto lake juu ya lile la tanuru. Ukienda kwa pupa ufito unatoka na pete za nyufa mwili mzima, kama shina la mnazi. Ninao mmoja umening'inia ukutani, nauonyesha kila mwanafunzi anayesema "tuongeze spidi".

Malighafi

Rola peke yake inachagua chakula. Kingo za mche ziko huru, hazijabanwa na kitu, kwa hiyo zinavutika, na aloi ngumu inapasuka pembeni. Alumini laini ya nyaya, ambayo ni asilimia 99.5 au zaidi, inapita bila neno. Presi na rola yenye dai huibana metali pande zote, na metali iliyobanwa pande zote haipati nafasi ya kupasuka, kwa hiyo aloi kaidi zinakubali. Hii ndiyo sababu kubwa, kwa maoni yangu, ya mtu wa skrepa kuiangalia mashine ya tatu.

Ila mashine haisafishi metali. Pistoni ya gari ina silikoni kama asilimia 12, pamoja na shaba na nikeli kidogo. Profaili ya dirisha ina magnesi na silikoni kidogokidogo. Kopo la soda lina manganizi mwilini na magnesi kwenye mfuniko. Vijiti vya kuchomelea vinavyouzwa sana ni viwili: kimoja kina silikoni asilimia 5, kingine magnesi asilimia 5. Ukitupa vyote tanuruni kama makande, utatoa ufito unaong'aa vizuri na unaopasuka mara tu mshono unapopoa. Fundi wa tenki hatarudi kwako, na hatakwambia kwa nini.

Na acha kukoroga kwa nondo tupu. Chuma kinayeyukia kwenye alumini polepole na hakitoki tena kwa njia yoyote ya karakana. Ipake nondo udongo au chokaa, uikaushe kabisa, ndipo ukoroge. Ikiwa na unyevu, alumini itakurukia. Nyaya za laini ya umeme zikija bila karatasi, usiziguse. Huo ni wizi, na utafungwa wewe uliyeziyeyusha.

Kinachopotea

Presi huacha kisiki cha gogo mwisho wa kila pigo, na ncha zilizoshikwa wakati wa kunyoosha hukatwa. Kwenye gogo la kilo 20, kilo mbili au tatu kurudi tanuruni si ajabu. Rola hupoteza kidogo, ncha zilizochanika mkia wa samaki. Rola yenye dai hupoteza mwanzo, mpaka mfereji ujae, na hutoa ndimi nyembamba kwenye nafasi kati ya rola na dai kama jeki imelegea. Baada ya hapo inakwenda: mche wa pili unausukuma wa kwanza na kushikana nao kwa moto na mgandamizo, ufito unaendelea kama mmoja. Unashikana ukiwa msafi. Ukiwa na grisi, ufito utakatika palepale walipokutana, kwa kawaida mikononi mwa mteja.

Dai, rola na matunzo

Rola ndizo rahisi kwa fundi wa kukereza wa hapahapa. Mifereji inachongeka, ikichakaa unaichonga upya. Lakini chuma chake kiwe cha kuhimili joto. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jozi ya rola kuukuu kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ni chuma cha joto. Wiki ya pili zilikuwa zimebonyea katikati kama godoro la gesti, na uso umejaa nyufa ndogondogo. Zilikuwa shafti ya kawaida iliyokerezwa. Nilimpigia simu, akasema nilizitumia vibaya.

Dai za presi ndizo ghali. Dai ya profaili yenye uwazi ni sanaa, inachongwa kwa mashine za kompyuta, inagumishwa, inasahihishwa mara mbili tatu kabla haijatoa umbo sawa, na kila umbo linataka dai yake. Dai ya ufito wa duara ni tundu moja tu, na hapo presi na rola yenye dai zinalingana.

Mashine ya tatu ina mgogoro wake wa kipekee, nao ni mafuta. Mtu aliyezoea rola hupaka mafuta ili metali isigande. Hapa ukipaka mafuta ndani ya mfereji umeiua: rola zinazunguka patupu, mche umesimama unazitazama. Ukiacha kavu kabisa, alumini inaganda kwenye chuma na kuanza kukivaa. Kati ya hayo mawili kuna kipimo ambacho hakiandikwi, unakipata kwa kuharibu. Pia vipuri vyake haviko dukani. Presi ikiharibika sili, mafundi wa haidroliki wako Mafinga, Iringa na Mbeya, wanaotengeneza mashine za mbao kila siku. Hii ikiharibika, fundi ni wewe.

Kwa hali yako

Kama riziki yako ni sufuria, mabati au kitu chochote bapa, nunua rola na usisumbuke na mengine. Jozi moja imara yenye fremu nzito ni bora kuliko jozi tatu zinazotikisika.

Kama unaota profaili za madirisha, presi ndiyo njia, lakini anza na hesabu ya dai na ya wateja. Mwenye oda za mtaa mmoja wa Njombe anafanya vizuri zaidi kuendelea kupokea profaili za urefu wa mita 6 zinazopanda na lori kutoka Dar es Salaam. Presi inayolala siku nne kwa wiki inakula riba ya mkopo tu.

Kama unatoa ufito wa aina moja, wa alumini safi, tani kwa tani bila kubadilisha, mtambo wa rola nyingi mfululizo unazishinda zote kwa kasi, na rola yenye dai itaonekana kama kinyonga pembeni yake. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda.

Kama unatoa kilo mia za aloi hii leo na kilo mia za ile kesho, fito nyembamba, umeme wa njia tatu upo, na una uvumilivu wa mfugaji nyuki, rola yenye dai ndiyo inayokufaa. Inafaa pia chuo cha ufundi, kwa sababu mwanafunzi anaona kubana na kukamua kwenye mashine moja, na anakosea kwa mche wa nusu kilo badala ya gogo la kilo 20.

Kama una umeme wa njia moja tu, endelea kumimina. Kalibu la chuma la vijiti vya kuchomelea linatoa vijiti vifupi, vya sura mbaya, vinavyouzika.

Wale vijana wangu? Walirudi wiki iliyofuata, nikawauliza swali moja: skrepa yenu mnaichambua? Wakatazamana. Nikawapa magunia manne: la nyaya zenye risiti, la profaili, la makopo, la pistoni. Yule mdogo akauliza mashine tutaanza lini. Nikamwambia alete magunia yakiwa yamejaa na hayajachanganyika, halafu tutaanza kwa kuchonga dai moja ya milimita 5 na rola ndogo za kujaribia kwa risasi, ambayo hubanika ikiwa baridi. Juzi alikuja na gunia la makopo. Ndani nikakuta pistoni mbili.